Mikono Sita na Meno ya Mwalimu Mkuu

Mchana ule fundi wa meno ya bandia alikuwa ameibana simu ya kliniki kati ya sikio na bega. Mkono wa kulia ulishika kisu cha nta, wa kushoto ulishika sanamu ya plasta ya taya la mtu, na kwa mguu mmoja aliuzuia mlango usijibamize kwa upepo. Mtu wa kwenye simu alitaka kujua kama daktari anang'oa meno Jumamosi.

"Anang'oa, ila uje mapema," alimjibu, na kabla hajamaliza, simu yake mwenyewe ikaanza kunguruma mezani. Akaiwasha kwa kidole cha mwisho. Alikuwa mumewe, fundi umeme wa zamu, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani.

"Mama watoto, kifungua kopo kiko wapi?"

"Droo ya pili."

"Kutoka juu au kutoka chini?"

"Baba, ya pili ni ya pili!"

Daktari wa meno, mwenye kliniki, alikuwa akipita kwenye ujia na chai yake. Alichungulia akacheka. "Huyu ndiye Mikono Sita wangu," akamwambia mgonjwa aliyekuwa nyuma yake. Jina hilo lilikuwa limemganda fundi kwa miaka mingi, na usifikiri lilimchukiza. Lilimvimbisha kichwa. Wenzake walifanya kazi moja wakachoka; yeye alifanya nne na bado akaulizwa la tano.

Karakana yake ilikuwa chumba chembamba nyuma ya kliniki, chenye dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani. Daktari alichukua kipimo cha kinywa cha mgonjwa, yeye akamimina plasta na kupata sanamu ya taya. Juu ya sanamu alijenga ufizi wa nta ya waridi, akapanga meno humo moja baada ya jingine. Mwishowe nta iliyeyushwa kwa maji ya moto, na mahali pake pakaingia plastiki ngumu. Kazi hii alijifunza kwa kutazama tu, begani kwa fundi wa zamani ambaye sasa ni marehemu, na alikuwa ameifanya miaka kumi na minne bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba anaijua.

Na hapo ndipo palipomkaba. Bodi ya mafundi wa meno ilikuwa imetangaza kwamba kila fundi asiye na cheti afanye mtihani. Nafasi ni tatu. Ukianguka zote, unafanya kazi chini ya mwenye cheti au unatafuta kazi nyingine. Yeye alikuwa ameshaanguka mara mbili, mara zote mbili kwenye karatasi ya maandishi.

Si kwamba hakusoma. Alisoma kuliko wote, ndivyo alivyojiambia. Masomo yalikuwa yamerekodiwa, basi kila asubuhi alichomeka waya wa simu sikioni na kumsikiliza mkufunzi huku akisugua, akichonga, akipokea simu za miadi. Kazi ya simu haikuwa yake. Msichana wa mapokezi aliolewa akahamia mbali, na daktari akaileta simu karakanani akasema, "Ya siku mbili tatu tu, fundi. Wewe mtu kama wewe utashindwa na simu?" Siku mbili tatu zilikuwa zimetimiza miezi minane.

Wiki ile mezani palikuwa na sanamu mbili za taya la juu. Moja ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu, mzee mrefu mwenye uso mpana, aliyeongoza shule moja ya msingi kwa miaka ishirini na miwili. Nyingine ilikuwa ya mshonaji nguo, mwanamke mdogo wa umbo aliyepoteza meno kwenye ajali. Meno yenyewe huja yamepangwa kwenye kadi, kila kadi na namba ya ukubwa na rangi. Ya mwalimu yalikuwa makubwa, yenye umanjano kidogo kama meno ya mtu mzima aliyekunywa chai maisha yake yote. Ya mshonaji yalikuwa madogo, meupe pe.

Kwa kawaida mgonjwa huja kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta, kosa likiwepo linaonekana. Lakini mwalimu alikuwa amesafiri kwa binti yake, na angerudi siku moja tu kabla ya shughuli. Shule yake ya zamani ilikuwa inafungua maktaba, na yeye ndiye aliyeombwa aseme neno. Daktari akaamua, "Ruka hatua ya kujaribu. Kipimo chake ni kizuri."

Ijumaa jioni mwalimu alikuja kuchukua meno yake moja kwa moja kutoka safarini, na begi mkononi. Daktari alikuwa ameshaondoka. Fundi alikuwa kwenye simu na mama mmoja aliyekuwa anabadilisha miadi kwa mara ya tatu. Akamkabidhi mzee kijiboksi kwa mkono mmoja, akamwonyesha sinki kwa kidevu. Mwalimu akayaosha, akayavaa, akauma, akameza mate.

"Yamekaa!" akasema.

Fundi akainua kidole gumba, akaendelea na simu.

Jumatatu asubuhi mlango ulifunguliwa bila hodi. Mwalimu alisimama pale na leso mdomoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Akaondoa leso, akafungua kinywa. Fundi akaiacha simu ikilia. Kwenye uso ule mpana wa mzee wa miaka sabini na kitu palikuwa na safu ya meno madogo, meupe, ya msichana wa miaka kumi na sita.

"Wajukuu wangu wananiuliza," mwalimu akasema, "nimeazima meno ya nani."

"Mungu wangu. Na hukuona kwenye kioo?"

"Niliona! Nikadhani ndivyo meno mapya yanavyokuwa. Mimi nimewahi kuvaa meno ya kiwandani lini?" Akaketi bila kukaribishwa. "Nimesimama mbele ya shule nzima. Hotuba kurasa nne, nimeiandika wiki mbili kwa mkono wangu. Nikasema, 'Wanangu wapendwa.' Safu ya mbele ikaanza kucheka. Watoto wadogo, siwalaumu. Nikasema sentensi ya pili nimefunika mdomo kwa karatasi. Ya tatu sikusema. Nimeshukuru, nimekaa."

Fundi alitafuta pa kutupia lawama, na mahali palikuwa pengi. Daktari aliyeruka hatua. Simu. Yule mama wa miadi. Mzee mwenyewe na haraka zake. Akavuta karatasi ya maagizo, namba ya kadi ilikuwa sahihi, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akatazama sanamu ya mshonaji iliyokuwa ikingoja kujaribiwa mchana ule. Kwenye nta, kwa yule mwanamke mdogo wa umbo, yalikuwa yamekaa meno makubwa ya manjano, yamepangwa vizuri, kwa ustadi, kwenye taya lisilo lake. Hakukumbuka hata siku aliyoyapanga. Kati ya zile siku zote, hakukumbuka.

"Nitakutengenezea mengine, Mwalimu. Nisamehe."

"Utayatengeneza," mzee akasema, "na mimi nitakaa hapa nione."

Fundi akadhani ni hasira za kupita. Lakini Jumanne saa mbili mzee alikuwa pale, kwenye kigoda karibu na sinki, miwani puani, kalamu na kijidaftari mkononi. Fundi akaanza kupasha nta kwenye taa ya spiriti. Simu ikalia, akaijibu. Mwalimu akachora mstari. Mumewe akapiga kuuliza kama mkaa umeisha. Mstari. Daktari akaita kutoka ndani, "Fundi, niletee faili la mgonjwa wa saa nne!" Mstari. Nta ikapoa, akaipasha upya. Akachomeka waya sikioni apate angalau somo, mwalimu akamtazama kwa muda, akachora mstari mrefu kuliko mingine.

Hadi saa sita alikuwa amepanga meno mawili.

"Arobaini na moja," mwalimu akasema. "Umeiacha kazi mara arobaini na moja."

Kitu kikamkatikia ndani. Akakiweka kisu chini kwa nguvu hadi taa ya spiriti ikatikisika. "Sasa ulitaka nifanye nini, Mwalimu? Hiyo simu nimeiita mimi? Daktari nimemtuma mimi aniite? Unakaa hapo unanichorea mistari kama mtoto mtoro! Hebu lete hicho kidaftari." Akakichukua, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Hapa uliniuliza plasta inatoka wapi. Hapa uliniambia habari za mwanafunzi wako aliyekuwa rubani. Hapa ulitaka nikutafutie kamusi. Mistari kumi na moja hapa ni yako wewe!"

Mzee akauinamia ukurasa. Masikio yalimwiva.

"Kumi na moja?"

"Hesabu mwenyewe."

Akahesabu. Kisha akakusanya kalamu yake na kofia, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa nje, na siku ile hakurudi ndani. Fundi hakuona raha ya ushindi. Alitaka kulia. Kosa lilikuwa lake, kweli, lakini kulitengeneza nako hakuruhusiwa. Kila mtu alikuwa na kipande cha mkono wake.

Akaichomoa simu ya kliniki na waya wake, akaenda nayo chumba cha daktari. Daktari alikuwa ananawa.

"Daktari, simu hii hapa."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Mimi ndiye nimeharibika. Meno ya watu wawili nimeyabadilisha. Nikipanga meno sipokei simu."

"Na nani apokee? Mimi nikiwa na koleo kinywani mwa mtu?"

"Sijui, Daktari. Nimeipokea miezi minane na hukuuliza swali hilo."

Daktari akafunga bomba. Daktari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amezoea, na mtu aliyezoea akinyimwa huona anaibiwa. Alisema mambo kadhaa kuhusu watu wanaopewa kidole wakataka mkono. Mwishowe akasema kwamba simu itakaa kwake kuanzia saa tatu hadi saa saba, na iwapo wagonjwa watapotea, fundi ajue ni kwa sababu yake. Wagonjwa watatu walipotea wiki hiyo hiyo. Alimtajia mmoja mmoja.

Sasa fundi akafunga kibwebwe: kitu kimoja kwa wakati mmoja, piga ua. Akaenda mbali mno. Alimimina plasta akaketi kuitazama ikiganda, mikono mapajani. Alichemsha sufuria akaisimamia mpaka ikachemka. Alhamisi alikuwa nyuma kwa kazi tatu, na sinki limejaa vyombo. Daktari akaja akamkuta ametulia mbele ya bakuli la plasta kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali.

"Unafanya nini?"

"Nangoja igande."

"Na ukiitazama inaganda haraka zaidi?"

Aliudhika, kwa sababu daktari alisema kweli. Plasta haikumhitaji. Ilijigandia yenyewe, awepo asiwepo, na wakati huo angeweza kuosha vyombo, kufagia, kupanga mafaili, hata kumweleza mumewe mahali kilipo kijiko. Kupanga meno ndiko kulikomtaka mzima, macho, vidole na kichwa, kwa pamoja. Miaka kumi na minne alikuwa akizichanganya kazi za aina hizo mbili kana kwamba ni moja. Jambo dogo hivyo, na ilibidi mzee wa watu afedheheke ndipo yeye alione. Hilo lilimuudhi pia.

Nyumbani alipata pigo jingine. Jumapili mchana alimpa binti yake wa darasa la sita madaftari ya kozi. "Niulize swali lolote la misuli ya uso. Hilo somo nimelisikiliza mara saba."

Binti akafungua ukurasa. "Msuli gani unainua taya la chini mtu akitafuna?"

Mama mtu akajishika shavu, akatafuna hewa.

"Mama?"

"Ngoja. Mkufunzi anakohoa kidogo, halafu anasema... anasema..." Alikumbuka kikohozi. Alikumbuka hata pikipiki iliyopita wakati mkufunzi anarekodi. Msuli hakuukumbuka.

"Maswali mengine je?"

Walikwenda hadi la kumi. Alipata mawili. Binti, kwa huruma, akasema labda maswali ni magumu. Mama mtu akainuka akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Mara saba! Saa ngapi hizo za maisha yake, na kilichobaki ni kikohozi cha mtu mwingine.

Tangu siku hiyo aliacha waya wa sikioni. Kila siku saa kumi, kazi ikiisha, alijifungia stoo ya kliniki kwa dakika arobaini, simu yake amemwachia daktari. Ukurasa mmoja, kisha anaufunika na kuandika alichoelewa kwa maneno yake. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Macho yalipita juu ya mistari, kichwa kikaenda sokoni, kikaenda kwa mama yake, kikarudi. Dakika kumi zilikuwa nyingi kwake kama mwendo wa siku. Aliona aibu kwamba mtu wa umri wake hawezi kukaa na ukurasa mmoja. Mumewe naye alilalamika kwamba hapatikani. Siku moja alipika wali kwenye birika kwa sababu hakuona sufuria, na sufuria ilikuwa juu ya jiko.

Meno ya mwalimu yalikamilika Jumatano ya pili. Mzee aliitwa ndani. Safari hii fundi alimshikia kioo yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, na daktari alikuwepo. Mwalimu akajitazama kulia, akajitazama kushoto, akatabasamu kidogo, kisha sana.

"Haya ni ya kwangu," akasema.

"Sema maneno mengi, Mwalimu, tusikie kama yanapiga mluzi."

Mzee akasita. Akatia mkono mfuko wa koti, akatoa karatasi nne zilizokunjwa. "Nina maneno haya tu."

Akasoma akiwa amesimama kando ya sinki. Daktari alitoka ukurasa wa kwanza, mgonjwa alimngoja. Fundi alibaki. Hakuosha kitu, hakusugua kitu. Mwalimu alisoma kuhusu darasa lililokuwa halina kitabu hata kimoja, na mvulana aliyejifunza kusoma kwa vipande vya magazeti vya kufungia sukari. Hakuna mluzi uliotoka. Alipomaliza, alizikunja karatasi vilevile zilivyokuwa.

"Hotuba nzuri, Mwalimu," fundi akasema.

"Ilikuwa nzuri," mzee akajibu. "Lakini maktaba haifunguliwi mara mbili."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana ilimchoma. Akamshukuru, akaaga, akaondoka. Fundi aliketi, asijue aweke wapi mikono.

Mtihani wa tatu ulikuja baada ya miezi miwili. Karatasi ya maandishi aliijibu, na swali la misuli lilikuwemo. Kwenye vitendo walipewa saa tatu wapange taya zima. Zamani alikuwa akimaliza wa kwanza na kukaa akiwatazama wenzake kwa kiburi. Safari hii alipanga jino, akalitazama, akapanga jingine. Katikati simu ya msimamizi ikalia na nusu ya ukumbi ikainua vichwa. Yeye alisikia, akaminya midomo, akaendelea. Kengele ilipogongwa alikuwa bado hajang'arisha nta ya upande wa kushoto.

Matokeo yalikuja kwa bahasha. Maandishi: amefaulu, alama hamsini na sita. Vitendo: amefaulu. Chini yake mtahini alikuwa ameandika kwa kalamu, "Mwangalifu, ila ana mwendo wa pole. Aongeze kasi."

Akaisoma mara tatu. Daktari aliposoma alicheka hadi akashika ukuta. "Mikono Sita! Ana mwendo wa pole!" Wagonjwa kwenye benchi nao wakacheka. Mumewe alipopigiwa akasema hongera, akasema anajivuna naye, kisha akauliza kama ovaroli zake za kazini zilifuliwa. Yeye hakucheka. Miaka kumi na minne ya kukimbia haikumpa karatasi, na karatasi ilipokuja ikamwambia akimbie. Angewaandikia bodi barua. Akaianza, akaichana.

Cheti kilipachikwa ukutani, juu ya taa ya spiriti. Simu ya kliniki iliendelea kukaa kwa daktari asubuhi, ingawa kila wiki alitafuta njia ya kuirudisha: leo kichwa kinamuuma, kesho mgonjwa wake ni mtoto, keshokutwa "dakika tano tu, fundi." Mara nyingi fundi alikataa. Mara nyingine alichoka kukataa.

Ijumaa moja saa nne alikuwa anapanga meno ya mbele ya mwanamke mmoja mhubiri. Simu, iliyokuwa imeletwa kwa dakika tano na imekaa saa nzima, ikalia. Mkono ukaenda wenyewe. Aliongea na mtu kuhusu miadi huku vidole vikiendelea kubonyeza meno kwenye nta, na alipoweka simu chini akaona: manne yamelala upande, kama watu waliosinzia kwenye benchi.

Akajitukana kwa sauti. Akaibeba simu hadi chumba cha daktari, akaiweka mezani bila neno, akarudi akafunga mlango. Akawasha taa. Akayang'oa yote manne kutoka kwenye nta, akaanza upya na la kwanza.